Wimbo Ulioimbwa Mwaka Usio Wake

Maji ya tangi yalikuwa yamekaribia kwisha, na Wanyoike alikuwa bado anatoka matope.

Alipakwa matope hayo Jumamosi mchana kwa ajili ya mchezo. Sasa ilikuwa Jumatatu asubuhi. Jumamosi jioni alioga kwa kipande kizima cha sabuni, Jumapili akaoga tena kabla ya misa, na leo alikuwa bafuni akijisugua kwa jiwe hadi ngozi ikawaka, lakini maji yaliyomtiririka miguuni yalikuwa bado na rangi ya mto. Akayanusa. Yalinuka majani yaliyooza chini ya maji, harufu ile ile ya kule kijitoni yalikotoka matope. Akamwita Kizito, ambaye alikuwa anapiga mswaki nje, aje ajionee. Kizito akachungulia, akacheka, akamwambia watu wa Kitale hawajui kuoga, kisha akarudi kwenye mswaki wake. Siku hiyo aliupiga mpaka fizi zikatoa damu.

Chuo chao cha ufundi kilikuwa upande wa Ndalu, na kilikuwa chuo cha wanaume watupu. Kilikuwa na waashi, maseremala na watu wa umeme, mia moja na ushei, wamefungiwa kati ya mashamba ya mahindi bila hata mwanamke mmoja wa kumwambia mtu kwamba shati lake limechakaa. Vijana wa namna hiyo wakikaa pamoja kwa muda huanza kuwa na mambo ya ajabu. Hawa walifundishana kucheza rumba kwa kukumbatiana wenyewe kwa wenyewe, na aliyecheza kama msichana alivaa kofia nyuma mbele ili watu wajue. Chupa moja ya marashi ilizunguka bweni zima. Pasi ya makaa ilipangiwa zamu. Yote hayo yalifanywa kwa ajili ya Jumamosi moja ya kila muhula, siku ambayo wasichana wa chuo cha ukarani cha Kitale waliletwa kwa basi, wakala wali, wakatazama michezo ya kila idara, kisha wakaamua ni idara gani itachukua mbuzi.

Tangu Kizito aingie chuoni, mbuzi huyo alikuwa akienda kwa maseremala. Kizito alikuwa kiongozi wa burudani wa waashi. Alikuwa kijana mrefu mwenye sauti nzuri, Mbukusu wa upande wa Kimilili, na sifa alizipenda kama mtoto anavyopenda sukari. Isitoshe, mara ya mwisho wasichana walipokuja, mmoja wao aitwaye Joy alimwambia kwamba waashi huimba kama watu wanaoumwa na tumbo. Neno hilo lilimkaa rohoni muhula mzima. Ndipo alipopata wazo, na wazo lenyewe lilikuwa baya.

Kwa Wabukusu kuna wimbo ambao hauimbwi ovyo. Huimbwa alfajiri moja tu katika maisha ya mwanamume, akiwa ametoka mtoni amepakwa matope kichwa hadi miguu, na jamaa zake wanamleta mbio hadi uani kwa babake, ambako ngariba anamngoja na kisu. Wabukusu hutahiri mwaka mmoja na kuacha mmoja. Mwaka huo wa 2005 ulikuwa mwaka wa kuacha. Kila mtoto wa Kimilili, Bungoma na Kibabii anajua kwamba katika mwaka kama huo wimbo ule hata kuupigia mluzi ni vibaya. Kizito alijua. Wenzake Wabukusu walimkumbusha, tena kwa ukali, na wawili wakakataa kabisa kushiriki.

Lakini Kizito alikuwa na jibu, na jibu lake lilionekana na akili. Alisema wimbo unakatazwa kwa sababu ya anayetahiriwa. Wakimpaka matope mtu asiye Mbukusu, tena aliyekwisha kutahiriwa hospitali ya Kitale akiwa darasa la nane, basi hapo hapana mtahiriwa, na kama hapana mtahiriwa huo ni mchezo kama mchezo mwingine. Akamchagua Wanyoike, rafiki yake wa kitanda cha juu, ambaye kwao walikuwa wakulima wa Trans-Nzoia, watu waliotoka Mkoa wa Kati zamani. Wanyoike alikuwa mpole na mcheshi, na hakuwahi kumnyima rafiki kitu. Akauliza tu kama matope ni baridi. Wahenga walisema mchezea wembe humkata, ila hawakusema kwamba mara nyingine humkata mtu aliyesimama kando.

Jumamosi ile ilifana. Waashi walishuka kijitoni nyuma ya chuo, wakampaka Wanyoike matope ya kidimbwi, wakamchomeka nyasi utosini, wakampa kengele za chuma za kugonga mikononi. Wakapanda naye wakiimba, miguu ikitwanga ardhi kwa pamoja, hadi uwanja wa mbele ya bwalo. Wasichana walisimama juu ya viti. Mwalimu Hiram, mlezi wa wanafunzi, alipiga makofi hadi miwani ikamtoka. Wanyoike akasimama katikati ya uwanja, mikono juu, macho mbele bila kupepesa, kama alivyofundishwa. Mbuzi akawa wa waashi.

Wakati wa soda Kizito alijongea alipokuwa Joy, kifua mbele. Joy alimpongeza, na alimpongeza kwa dhati. Kisha akauliza kitu huku akitazama upande wa bwalo.

"Na yule mwingine mbona hamjampatia soda?"

Kizito akauliza mwingine yupi.

"Yule mdogo, mwenye alikuja nyuma yenu. Mwenye matope. Si mlitoka na wawili huko chini? Amesimama tu hapo, hata hanawi."

Kizito akageuka. Mbele ya bwalo palikuwa na jua la saa kumi na ndoo ya maji ya kunawa. Akamwambia Joy waashi wana mbwembwe nyingi, akabadilisha mazungumzo, na jioni alipolala hakumwambia mtu.

Basi ndiyo maana Jumatatu hiyo mswaki ulimtoa damu.

Jumanne ilikuja kengele. Darasa la waashi lilikuwa nje likijenga ukuta wa mazoezi, ule unaojengwa Jumanne na kubomolewa Alhamisi, jua likiwa kali na kila mtu akiwa na mwiko wake, na katikati ya kelele za karai na sepetu wote wakasikia chuma kikigongwa juu ya chuma, taratibu, pigo moja baada ya jingine, kama anavyogonga mtahiriwa anapopita nyumba kwa nyumba kuwaalika wajomba zake. Zile kengele za Jumamosi zilikuwa zimefungiwa ofisini kwa Mwalimu Hiram. Sauti ilizunguka ukuta wao mara moja, ikapita nyuma ya bweni, ikaelekea bwalo. Kila mmoja akajifanya anapima tofali lake, na ukuta ule ulijengwa kombo, mpaka mwalimu wa ujenzi akauliza kama wamekunywa.

Jumatano alfajiri walipotoka kwenda kunywa uji walimkuta Wanyoike uwanjani.

Alikuwa amesimama pale pale alipoachwa Jumamosi, katika nguo zake za kulalia, mikono juu, macho yametazama mbele na hayapepesi. Umande ulikuwa umemlowesha nywele. Walimwita, hakugeuka. Derrick wa umeme, kijana mwenye misuli aliyekuwa akibeba gunia la saruji bila kutoa jasho, alijaribu kumshusha mikono akashindwa, akarudi nyuma akijifuta viganja suruali, akisema mtu huyo ni baridi kama bomba la maji. Jua lilipochomoza vizuri mikono ikashuka yenyewe. Wanyoike akaangalia watu waliomzunguka, akaona haya, akauliza kama kengele ya uji imelia.

Chuo kizima kikaanza kunong'ona kwamba waashi wameleta jini. Chama cha Wakristo kikakusanyika kikamwombea kwa sauti hadi madirisha ya bweni yakatetemeka, na Wanyoike akakaa kwa adabu, akaitikia amina penye amina. Mwalimu Hiram alikuwa na dawa yake. Alipekua masanduku ya waashi akitafuta bangi, akapata picha za wasichana na nusu mkate. Zahanati ikasema malaria. Wanyoike akameza vidonge vyote, na Alhamisi alfajiri alikuwa uwanjani, mikono juu, na mifupa ya mabega imeanza kuonekana.

Asubuhi hiyo aliongea. Kizito ndiye aliyekuwa karibu naye. Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, ya mvulana ambaye sauti yake bado haijavunjika vizuri, na ilisema Kibukusu, kile cha zamani anachosema nyanya akiwa amekasirika. Wanyoike hakujua Kibukusu zaidi ya salamu na matusi mawili. Sauti iliuliza hapa ni kwa nani. Ikangoja. Kisha ikauliza, "Baba yuko wapi? Mbona hatoki?"

Wenzake wakamuuliza Kizito amesema nini. Kizito akasema hakusikia vizuri.

Ijumaa Mwalimu Hiram alimpakia Wanyoike kwenye pikapu ya chuo, akampeleka mwenyewe hadi kwa mamake, shambani nyuma ya Kitale. Mama yule, Wakonyo, alimpokea mwanawe, akamvua viatu, akamlaza kitanda chake mwenyewe. Hiram akarudi akiwa na amani, akala chakula chake akalala. Alfajiri simu yake ya mkononi ikalia. Ilikuwa Wakonyo. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka nyumba imsikie, kwamba mlango umefungwa kwa komeo kutoka ndani, madirisha yana vyuma, na mtoto hayumo kitandani, kitanda kina maji. Hiram akavaa koti juu ya nguo za kulalia, akatoka na simu sikioni, na kutoka barazani kwake, huku mama wa watu akiendelea kuuliza mwalimu unanisikia, mwalimu uko hapo, aliona katikati ya uwanja, kwenye mwanga ule wa kijivu ambao hauonyeshi sura ya mtu, Wanyoike amesimama na mikono juu, matope yamempanda hadi magotini, na mbele kidogo yake, kwenye umande, nyayo za miguu mingine midogo zilizofika pale na hazikuendelea mbele.

Hiram alikuwa mtu wa kanisa na wa chaki. Hata hivyo, saa mbili asubuhi alimwita Kizito ofisini, akafunga mlango, akavua miwani.

"Wewe ndiye ulileta hii kitu. Enda utafute mtu wa kwenu. Mimi sijakutuma, mimi sijui kitu. Lakini huyo kijana hamalizi wiki ingine, na ni mimi nitaambia mamake."

Kizito aliondoka bila kula. Njia nzima alijiambia kwamba Wanyoike ni mgonjwa tu, na njia nzima alijua anajidanganya. Alikuwa amemtoa rafiki yake kama ubao wa kukanyagia, kwa ajili ya mbuzi ambaye tayari walikuwa wamemla.

Ngariba aliyemtahiri Kizito aliitwa Mukhisa. Mwaka usio wa kutahiri alikuwa na kibanda sokoni Kimilili, akichaji simu za watu kwa betri za lori na kuuza vifuniko vyake. Kizito alipoinama kuingia, mikono ya Mukhisa ikaanza kutetemeka kama inavyotetemeka msimu wa kisu ukifika. Aliweka chini simu aliyoishika, akaketi juu ya viganja vyake.

"Simama hapo hapo mlangoni," akasema. "Usinisalimie na mkono. Umetoka wapi na hiyo harufu?"

Kizito akaeleza yote, na safari hii hakuficha hata swali la baba. Mukhisa alisikiliza akitazama kamba za chaja. Mwishoni hakumkaripia, na hilo ndilo lililomtisha Kizito kuliko yote.

"Nyinyi mlisema hakuna mtahiriwa," Mukhisa akasema. "Sasa hiyo wimbo ni ya kuita mtu atoke mtoni. Mkiimba na mtu hayuko, hiyo wimbo itatafuta mtu. Kuna vijana walikufa wakiwa hawajasimama mbele ya kisu. Wengine walibebwa na maji, wengine walikimbia vita wakapotelea huko. Hakuna mwenye aliwahi kuwaimbia. Mmoja amesikia akakuja. Sasa amefika, anaona hapa si kwao, hakuna baba, hakuna kisu. Atafanya nini? Anaazima mwili ya huyo rafiki yako, anasimama, anangoja."

Kizito akauliza kama hawezi kurudishwa.

"Mtahiriwa harudi mtoni. Hata wewe unajua. Ni mbele tu." Mukhisa akavitoa viganja alivyovikalia, akavitazama. "Kazi ya kisu nitafanya. Mwenye hana mwili tunamfanyia na mgomba, kama vile tunazika mgomba mtu akikosekana. Lakini lazima afike uani kwa mtu. Na huyo mtu akubali kuitwa babake. Hapo ndipo utashindwa."

Kizito alijua kwa nini angeshindwa. Kijana akishasimama uani kwa baba ni mwana wa boma hilo, na mwana hupewa mahali pa kujenga na pa kulima. Hapana mzee wa Kimilili anayegawa ardhi yake kwa mzimu. Hata hivyo alienda kwao, maana hakuwa na kwingine.

Babake, Wabwile, alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa maneno machache. Alisikiliza akiwa amesimama, jembe begani, mkewe Nangila akichambua maharagwe mlangoni. Kizito alipomaliza, mzee alitazama shamba lake, lile lililoanzia mlangoni na kuishia kwenye miti ya jirani. Halikuwa kubwa. Kizito alikuwa mwanawe wa kiume wa pekee, na simba yake, kibanda cha kijana cha kuta za udongo, ilikuwa pale pembeni ikimngoja amalize chuo.

"Unajua mwenye unaleta hapa?" mzee akauliza.

Kizito akajibu hajui, na hakuna anayejua.

"Akisimama hapa ni wangu. Wangu ninamupatia shamba. Nitamupatia ya nani?"

Kizito alifikiria mabega ya Wanyoike, na ile sauti nyembamba ya asubuhi. Hakufikiri zaidi ya hapo.

"Mpatie yangu, baba. Na simba. Mimi nitajitafutia."

Wabwile akamwambia hayo ni maneno ya kitoto, akaingia ndani. Ni Nangila aliyebaki, akipepeta maharagwe ambayo yalikuwa yameshapepetwa. Alimuuliza Kizito swali moja tu. Alitaka kujua mtoto huyo, kwa sauti yake, anaonekana ana umri gani. Kizito akasema labda kumi na minne. Mama akasema wa kumi na minne ni mtoto wa kufunikwa blanketi bado. Kisha akaingia kwa mumewe, na mlango ukafungwa, na maneno yao hayakusikika. Walipotoka, Wabwile alisema waje alfajiri, na asisikie jambo hilo likitajwa kanisani.

Walikuwa wachache walioshuka kijitoni nyuma ya chuo usiku wa manane, Kizito na wenzake wanane, wote Wabukusu isipokuwa Derrick, aliyesema hawezi kukaa bwenini akingoja habari. Mukhisa aliwatangulia. Walikata mgomba wa urefu wa mvulana, wakaupaka matope ya kidimbwi kile kile, wakauchomeka nyasi juu, wakamtwisha Wanyoike begani. Wanyoike alikuwa mwepesi wa kutisha. Alitembea bila kuongozwa. Mukhisa aliwaonya kwamba wakianza kuimba wasinyamaze, wasigeuke, na wasihesabu watu.

Kizito akaanzisha wimbo, na sauti yake iliyokuwa ikisifiwa ilitoka imepasuka. Wenzake wakapokea. Walikimbia mwendo wa polepole kwa njia ya mashambani, si ile waliyoshukia, kama desturi inavyotaka, wakapita mahindi yaliyowapiga usoni kwa majani yenye umande, na kadiri walivyosonga ndivyo miguu iliyotwanga ardhi nyuma yao ilivyozidi, kwanza kama ya mtu mmoja mwenye haraka, kisha kama ya wengi, na wimbo walioimba wao tisa ukawa unaitikiwa na sauti ambazo hazikuwa zao, za vijana, nyembamba, zilizokosea maneno mapya na kuimba yale ya zamani ambayo Kizito alikuwa ameyasikia kwa babu yake tu, na harufu ya majani yaliyooza ikawa nzito hadi Derrick akawa anatapika huku anakimbia, lakini hakusimama, kwa maana alihisi mkono mdogo umemshika ncha ya shati kwa nyuma, umemshika tu, kama anavyoshika mtoto anayeogopa kupotea sokoni, na Kizito naye akaimba machozi yakimtoka, hana hakika tena kama analia kwa hofu au kwa huruma, mpaka moshi wa jikoni kwa mamake ukaonekana juu ya miti.

Wabwile alikuwa uani, amevaa koti lake la Jumapili. Wanyoike akautua mgomba katikati ya ua, ukasimama wima wenyewe bila kuegemea kitu. Wimbo ukakatika. Ile miguu ya nyuma ikanyamaza pia, yote kwa mara moja.

Mukhisa akachomoa kisu. Mikono yake, iliyotetemeka tangu Kizito aingie kibandani, sasa ilitulia. Akamtazama Wabwile. Ilikuwa zamu ya baba kusema huyu ni fulani, mwanangu, na amtaje jina. Mzee akafungua kinywa, akakifunga. Alitazama shamba lake. Mgomba ukaanza kuyumba taratibu, na Wanyoike akapiga magoti, akashika koo lake, povu la rangi ya matope likimtoka mdomoni. Kizito akamwita babake, akamsihi.

Ndipo sauti ya Nangila ikatoka ndani ya nyumba, mahali anapopaswa kukaa mama wa mtahiriwa, tulivu kabisa.

"Huyo ni Wakhungu. Ni mtoto wangu. Mkate, tumechelewa."

Kisu kikapita. Kutoka kwenye mgomba ule yalitiririka maji meusi mengi kuliko mgomba unavyoweza kubeba, kisha ukaanguka, ukawa mgomba. Walikuja kuuzika nyuma ya simba. Wanyoike alilala chini akihema, akauliza kwa Kiswahili chake cha siku zote kwa nini amelala uani kwa watu, na kama kuna chai. Walimwogesha kwa ndoo moja. Maji yalitoka safi. Kizito akakaa chini pale pale kwenye matope akalia bila kujificha, na Wanyoike, ambaye hakujua lolote, alimpigapiga mgongoni akimwambia basi, bana, basi.

Wanyoike alirudi darasani, akanenepa, akamaliza ujenzi wake kwa alama nzuri. Waashi hawakushiriki burudani tena. Uwanja wa bwalo ulibaki uwanja.

Desemba chuo kilipofunga, Kizito alifika kwao jioni, jua linazama, begi begani na mkate wa kumpa mamake mkononi. Babake alimsalimia, akatazama pembeni, akasema anaenda kufunga ng'ombe. Alikuwa amezeeka kwa miezi michache. Nyuma ya simba palikuwa pamelimwa, na mahindi ya hapo yalikuwa yamekomaa kabla ya msimu, meusi kwa uzito wa majani. Kizito akaenda kutua begi lake kibandani. Alisukuma mlango. Ulikuwa umefungwa kwa ndani. Akasukuma tena, akafikiri labda kuna binamu amekuja.

"Wacha kugonga," Nangila akasema kutoka jikoni. "Atakuja kukasirika. Kuja ukule."

Alimkumbatia mwanawe kwa nguvu na kwa muda mrefu, kwa sababu alimpenda na hakuwa amebadilika hata kidogo. Akamwekea ugali na mboga mezani, na mahali pa kulala kwenye viti vya sebuleni, vile wanavyolalia wageni wa mazishi. Kisha akapakua sahani nyingine, akachagua nyama nzuri akaiweka juu, akachukua blanketi lililokuwa likiota joto karibu na moto, akatoka navyo. Kizito alisikia komeo la simba likifunguliwa. Alimsikia mamake akiongea ndani kwa sauti ya chini. Kisha alimsikia akicheka, kicheko ambacho yeye mwenyewe alikuwa hajakisikia tangu akiwa mdogo.

Mama alirudi na sahani tupu. Aliiosha, akaifuta, akaja kukaa karibu na Kizito, akamshika mkono. Mikono yake ilikuwa na unyevu na ilikuwa baridi. Alionekana anatafuta namna ya kulisema jambo bila kumuumiza.

"Ndugu yako anauliza," akasema, "wewe utaondoka lini?"

Kizito alitazama ugali wake. Nje kulikuwa kumeanza kuwa giza, na mlango wa simba ulikuwa wazi kidogo.

"Mwambie kesho asubuhi," akasema.